Kishikwambi Chembamba Kuliko Vyote

Mheshimiwa Msimamizi Mkuu wa Kambi, ambaye umesinzia mapema ili kutupa sisi wadogo nafasi ya kusema. Mheshimiwa Mtunza Funguo za Stoo. Mheshimiwa Naibu Mtunza Funguo, ambaye hana funguo lakini unaibu anao. Mama yetu Mpishi Mkuu, mlezi wa matumbo. Ndugu Katibu wa Kamati ya Ustawi wa Bweni. Ndugu Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kamati hiyo. Waheshimiwa wakazi wa vitanda vya juu. Waheshimiwa wakazi wa vitanda vya chini, mnaodondokewa na vumbi la waheshimiwa wa juu bila kunung'unika. Mafundi, saidia fundi, vibarua wa kudumu na ninyi vibarua wa muda ambao umuda wenu sasa umeota mvi. Itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, itazingatiwa katika awamu ya pili.

(Makofi kwa msemaji, Mheshimiwa wetu wa kamati. Yalitoka mstari wa mbele, walikopewa viti. Sisi wa nyuma tulikuwa tumeshinda asubuhi nzima tukimwaga zege, na mikono ilikuwa bado ni ya mwajiri.)

Mnanisikia huko nyuma? Naam. Hiyo ni maiki mpya, ndugu zangu, na hii hapa mezani iliyofunikwa kitambaa ni spika mpya, na habari zake mtazipata panapo majaliwa. Kabla sijaanza, naomba nianze.

Leo ni siku ambayo wajukuu wetu watatusimulia sisi wenyewe. Leo, katika ukumbi huu huu tunamolia chakula, mbele ya ukuta huu, nyuma ya pazia hili lililopatikana kwa hisani ya shuka la Mheshimiwa Naibu, tunazindua Mradi Shirikishi wa Kishikwambi cha Jamii, kile ambacho ninyi, kwa haraka zenu za mjini, mnakiita tableti; kishikwambi kilichobuniwa na sisi, kikasimamiwa na sisi, na hususan na mimi. Nikisema "kishikwambi," ninyi mtaitikia "chembamba." Kishikwambi!

(Tukaitikia: "Chembamba!" Siku hiyo tulikuwa bado tuna imani.)

Napenda nitambue kwa namna ya kipekee uwepo wa mzee wetu, bingwa wa lipu, Mzee Mwiko wa kitanda cha juu kando ya dirisha, ambaye nimearifiwa kwamba leo hii, alasiri hii, wakati mimi nikiwa nazungumza nanyi, binti yake wa kwanza anaolewa huko kwao mbali, na kwamba shughuli nzima imesimama, wageni wamekaa, bwana harusi anafuta jasho, kwa sababu binti ameapa hafungi ndoa na mtu mpaka baba yake aseme neno la ridhaa wakiwa wanaonana uso kwa uso, kupitia divaisi hii tunayoizindua. Mzee, simama wakuone.

(Mzee Mwiko akasimama. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe la kuazima lililombana mabegani. Akasema: "Mheshimiwa, wameniambia kupitia simu ya mlinzi wa getini kwamba mwisho wao ni alasiri hii, watu wana safari za kurudi makwao. Nakuomba ufupishe kidogo, mwanangu." Akaketi.)

Ombi limepokelewa na litafanyiwa kazi. Sasa, ili niweze kufupisha, sharti kwanza nieleze kwa kirefu.

(Mpishi, kutoka mlango wa jikoni: "Mungu wangu!")

Kama mnavyojua, kambi yetu, kwa sababu za kiusalama ambazo hata mimi sijafikia cheo cha kuambiwa, hairuhusu simu yenye kamera. Simu ya kamera inabaki getini, inakungoja huko kama mbwa mpaka mkataba wako uishe. Ndani tunaruhusiwa simu za vitufe, zile za tochi, ambazo mkeo utamsikia lakini hutamwona, na ukimsikia akicheka hujui anacheka na nani. Ofisi yangu ilipofanya utafiti wa kina, upembuzi yakinifu na ufuatiliaji na tathmini, iligundua kuwa asilimia mia moja na nne ya wakazi wa bweni hili hawajaziona sura za watu wao tangu waliposhuka hapa na mabegi yao.

(Fundi umeme wetu, tunayemwita Waya, akadakia: "Mheshimiwa, hizo nne za juu zimetoka wapi?")

Hizo nne, Ndugu Waya, ni za bweni la jirani, waliokuja kuazima sufuria utafiti ukiendelea. Hatuwezi kumbagua mtu kwa sababu ya sufuria. Basi mimi binafsi, bila kutumwa, nikaenda ofisini, nikasimama, nikaambiwa keti, nikakataa, nikarudi na kibali. Divaisi moja. Ifungwe ukutani, ukumbini, isitoke. Na itengenezwe na sisi wenyewe, kipande kwa kipande, ili kila kilichomo ndani kijulikane. Hapo ndipo Ndugu Waya, ambaye amewahi kutazama video nyingi za watu weupe kwa weusi wakitengeneza vitu vyao majumbani, akaleta wazo la kompyuta ya ubao mmoja. Yaani kompyuta nzima, akili na mifupa, imelazwa juu ya kibao kimoja kisichozidi kiganja, unakiunganisha na kioo na betri, unakitia mfumo uitwao Linux, na kazi imekwisha, una kishikwambi chako, mtu asikutishe kwamba simu yako imezeeka.

Nikauliza swali la kiuongozi: huyo Linux mwenyewe ni nani? Waya akanijibu kwamba hana mwenyewe, ni wa watu wote, kila mtu anaweza kumfungua akamtazama ndani. Ndugu zangu, nilishtuka. Kwa uzoefu wangu, kitu kisicho na mwenyewe kinahitaji mwenyekiti. Nikajitolea.

(Makofi ya mstari wa mbele.)

Nikaelezwa pia kwamba nembo yake ni ndege mnene asiyeruka. Kamati ilijadili nembo hiyo vikao viwili, tukihoji mradi wenye kaulimbiu ya wembamba utasimamiwaje na ndege mwenye tumbo vile. Mjumbe mmoja akaniangalia mimi. Nikaahirisha kikao.

(Kicheko kikubwa, cha nyuma mpaka mbele. Msimamizi akaamka, akapiga makofi mawili, akarudi kulala.)

Ndipo mchakato ukaingia katika awamu ya ukusanyaji rasilimali, ambapo kila mkazi, kwa hiari yake na kwa kupitiwa kitanda kwa kitanda, alitoa betri ya simu yake ya vitufe, ili betri hizo zisukwe pamoja ziwe moyo wa kishikwambi. Wa kwanza kutoa alikuwa Mzee Mwiko. Tangu siku ile hakuna simu inayolia bweni zima, na mmejionea wenyewe utulivu uliopatikana. Nani hapa amesumbuliwa na simu?

(Sauti ya nyuma: "Mama mkwe wangu anadhani nimekufa!")

Tutamwandikia mama mkwe. Betri zenu ziko salama, zinafanya kazi nzito, na taarifa yake nitaitoa mwishoni.

Sasa tuje kwenye kiini, yaani uteuzi. Ninyi ni watu wa ujenzi na mnajua desturi yetu: fremu hutangulia mlango. Unaisimamisha fremu, unaipima kwa timazi, unaipigia lipu pembeni, kisha ndipo mtu anatumwa mlango. Kamati ilifuata utaratibu huo wa kitaalamu. Seremala wetu akachonga fremu ya kishikwambi kwa vipande vya plaiwudi vilivyobaki kwenye fomu za kumwagia zege la nguzo, akauliza nafasi ya ndani iwe na kina gani, na kwa kuwa karibu yake palikuwa na kigae cha sakafuni, nikamwambia: kina cha kigae. Fremu ikapigwa msasa, ikapakwa vanishi mpaka unajiona meno. Ilipokauka, ndipo tukaanza kutafuta kompyuta ya kuingia humo.

(Waya: "Mimi nilisema tuanze na ubao, fremu ifuate!")

Ulisema, na wajumbe wanakumbuka ulisema ukiwa umekaa. Mchango wa mjumbe hutolewa akiwa amesimama.

Kamati ikafunga safari ya mafunzo hadi kwenye duka la vifaa vya kompyuta. Duka lilikuwa limefungwa, lakini dirisha lake lilitupa ushirikiano wa hali ya juu. Nyuma ya kioo kompyuta za ubao mmoja zilikuwa zimelazwa chali, zimepangwa kama dagaa juani, na sisi tukaziinamia tukazikagua kutoka juu: wajumbe wawili kwa miguu, Katibu juu ya ndoo. Na kwa kutazama kutoka juu, kwa utaratibu ule ule tunaosomea ramani ya jengo, kamati ilibaini kwa kauli moja kwamba kompyuta zote zina unene sawasawa, nao ni sifuri.

(Watu walipiga hesabu, kisha wakaanza kucheka.)

Msicheke! Nani kati yenu amewahi kutazama ramani akalalamika kwamba nyumba ni nene? Tulirudi tukiwa na furaha, tukampongeza seremala, tukala. Kesho yake Ndugu Waya akaja na picha zilizopigwa ubavuni, na ukweli ukajitokeza, na ukweli, ndugu wadau, ndicho kitu kinachochelewesha miradi kuliko mvua.

(Mzee Mwiko akainuka nusu. "Mheshimiwa, samahani, baba. Chombo kipo hapo nyuma ya shuka, au hakipo? Niambie tu kama kipo nikae nitulie." Mpishi akamuunga mkono: "Mtoto wa watu amekaa kitini tangu asubuhi, hata maji hanywi asije akaharibu nguo! Funua hilo shuka!")

Mama, pazia lina wakati wake. Ukifunua sufuria kabla, wali unakuwaje? Ehe. Waheshimiwa, wagombea wetu walikuwa watatu, na kwa ajili ya usiri wa mchakato kamati iliwapa majina ya kazi.

Wa kwanza tulimwita Tofali. Huyu Tofali ana nguvu, ana memori ya kutosha kumkumbuka kila anayekudai, na Linux anampenda, yaani kila kitu kinaitika ukikiita. Lakini pembeni, jamani, pembeni ana matundu ya USB yaliyopandishwa ghorofa! Tundu juu ya tundu, na jirani yake tundu la waya wa mtandao limesimama kama kibanda cha mlinzi. Kumbe ubao wenyewe ni mwembamba kama chapa ya kidole, ila unene wa kompyuta, kwa mujibu wa sayansi, si ule wa ubao, bali ni wa kile kilichosimama juu zaidi. Ni kama msafara: gari zote ndogo, lakini lori moja likiwa na mzigo mrefu, daraja linawakataa wote. Tena Tofali akifanya kazi anapata homa, mpaka avalishwe bati la mapezi la kumpoza, na bati hilo nalo ni ghorofa jingine.

(Waya: "Na ukimfungia kwenye fremu isiyopumua anapunguza mwendo mwenyewe, ili asiungue." Sauti ya nyuma: "Kama sisi tu!" Kicheko.)

Mgombea wa pili tulimwita Biskuti. Huyu ni mwembamba, mrefu kama rula, hana ghorofa, haombi bati. Kamati ilimpenda mpaka tulipoambiwa tabia zake. Memori yake ni ya kuku: ukimwagiza ukurasa wa mtandao, unaweza kwenda kuoga, ukarudi, ukakuta kimefika kichwa cha habari peke yake, mwili bado uko njiani. Na simu ya video ndiyo hata usimtajie, atakuonyesha pua ya mkeo leo na mdomo keshokutwa. Tena matundu yake ni mawili, moja la kula umeme na moja la shughuli, kwa hiyo ukimpa kibodi huwezi kumpa kamera, na ukimpa kamera lazima uandike kwa kuwaza.

Mgombea wa tatu aliitwa Stempu, kwa sababu ni mdogo na bapa kiasi kwamba Katibu alitaka kumlamba. Huyu ana nguvu za Tofali na wembamba wa Biskuti kwa pamoja. Nilishika kalamu nimteue papo hapo. Kumbe Stempu hana tundu hata moja! Hajui kusimama. Lazima abebwe mgongoni na ubao mwingine, na huo ubao wa mgongo ndio wenye matundu yote, na ukiwaweka pamoja, mbebaji na mbebwaji, wamekuwa wanene kumpita Tofali. Ni yule mtoto mwembamba unayemsifia barabarani kumbe yuko mgongoni kwa shangazi yake.

(Mpishi: "Usiwaseme mashangazi." Mheshimiwa akainama kuomba radhi.)

Sasa, kiongozi dhaifu angefanya nini? Angerudi kwa seremala akamwambia ongeza kina cha fremu. Nami nilishauriwa hivyo na watu ambao sitawataja lakini ni fundi umeme.

(Waya: "Ilikuwa kazi ya asubuhi moja! Msumeno na gundi!")

Fremu imeshapakwa vanishi, Ndugu Waya! Nyumba haibomolewi kwa sababu kabati limekataa kuingia. Nikatoa mwelekeo wa kimkakati, nikaanzisha Awamu ya Upunguzaji, nikasema tumchukue Tofali, kinadharia, juu ya meza, na tumpunguze mpaka aingie. Tukaanza na ghorofa ya pili ya matundu. Kinadharia tukaikata kwa grainda ya vigae. Ghorofa ya kwanza ikabaki mpweke, nayo tukaitoa. Kibanda cha mlinzi tukakibomoa. Bati la mapezi tukalivua, na kwa kuwa bila bati akili yake ingeungua, busara ikatuelekeza kuitoa na akili yenyewe, ili kuilinda. Na kila tulipotoa kitu, ndugu zangu, alizidi kuikaribia fremu! Wajumbe walikuwa wanapongezana. Haijawahi kutokea katika kambi hii mradi ukasonga mbele kwa kasi namna ile.

Na mwisho wa kazi hiyo, ndugu wananchi wa bweni, tulimpata mshindi ambaye hakuna warsha, semina wala kongamano lililowahi kumwona. Nawasomea sifa zake. Anaingia kwenye fremu bila kugusa ukingo hata mmoja. Hapati homa kamwe, hata ukimwacha juani. Matumizi yake ya umeme yameshuka kuliko ya mgombea mwingine yeyote, kiasi kwamba betri haimhitaji yeye wala yeye haihitaji betri. Hajawahi kuganda. Hana virusi. Hafanyi kelele. Na Linux, mfumo ule wa watu wote, hana ugomvi naye wa aina yoyote. Kishikwambi!

("Chembamba!" Safari hii tuliitikia kwa sauti, Mungu atusamehe. Mtu ukiwa mbali na kwenu, ukisikia neno mshindi, unasimama. Mzee Mwiko alikuwa ameshafika mbele, anajifuta vumbi kwenye shati jeupe, anajipanga kola, anauliza walio karibu: "Nikae hapa au pale? Kamera yake iko upande gani?")

Kaa popote, Mzee. Mshindi huyu hana upande. Sasa naomba, kwa unyenyekevu unaoendana na cheo changu, nivute shuka la Mheshimiwa Naibu, na nitamke kwamba Kishikwambi cha Jamii, chembamba kuliko vyote, kimezinduliwa rasmi!

(Akavuta. Ukutani palikuwa na fremu. Nzuri, siwezi kusema uongo, vanishi iling'aa. Ndani ya fremu palikuwa na ukuta.)

Mnachokiona, waheshimiwa, ni wembamba uliofika kikomo chake. Na tazama, Mzee Mwiko, ile lipu inayoonekana humo ndani ni lipu yako mwenyewe, uliyoipiga mwaka tuliohamia. Hata mradi umekuenzi.

(Hakuna aliyepiga kofi. Mzee Mwiko alisogea, akatia mkono ndani ya fremu, akaipapasa lipu yake kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akasema polepole: "Mwanangu, humu hamna kitu.")

Neno "hamna" ni kali, Mzee. Sisi kitaalamu tunasema "nafasi imetengwa." Naona nyuso zimebadilika, kwa hiyo niende moja kwa moja kwenye shukrani, kwani mcheza kwao hutuzwa. Namshukuru seremala kwa fremu. Nalishukuru lile duka kwa kufungwa, maana lingekuwa wazi tungeshawishika kununua. Namshukuru Tofali, namshukuru Biskuti, namshukuru Stempu, ambao ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga kambi hii wala kushikwa kwa mkono wa mjumbe yeyote, wameshiriki kikamilifu. Na shukrani zangu za dhati, zisizo na mfano, ziwaendee ninyi nyote mliotoa betri za simu zenu, kwani niwape ile taarifa niliyoahidi: bila betri zenu, zilizosukwa mstari mmoja na kupangwa hapa chini ya kitambaa hiki, spika hii isingetoa sauti, na hotuba hii msingeisikia kabisa.

(Waya akaruka kwenye kiti: "Uliniambia ni majaribio ya moyo wa kishikwambi!" Mheshimiwa: "Na moyo umedunda, umesikika mpaka getini!" Kelele zikaanza. Mmoja akataja betri yake kwa rangi, mwingine akataja mama mkwe. Lakini aliyekuwa karibu na meza alikuwa Mzee Mwiko.)

Naomba utulivu! Taratibu zipo, fomu za kurejeshewa zitaandaliwa. Mzee, tafadhali usiguse kitambaa. Mzee, hizo zimesukwa mstari, Ndugu Waya mwenyewe alieleza ukichomoa moja zote zinala

(Maiki ikakata. Midomo ya Mheshimiwa iliendelea. Mzee Mwiko alikuwa ameshaichomoa betri yake, akaifuta kwenye suruali, akatoa mfukoni simu yake ya vitufe, ambayo siku zote hizo alikuwa akitembea nayo tupu kwa mazoea, akaitia betri, akaibana mfuniko kwa gumba. Ikawaka. Akaiwekea sauti ya nje ili asikie vizuri, masikio yake yaliharibiwa na mashine ya kuchanganyia zege, na kwa hiyo ukumbi mzima tulisikia. Iliita mara moja tu.

"Baba!"

"Mwanangu."

"Baba, mbona umechelewa? Na mbona hii si ya video? Sikuoni, baba. Nilisema mimi sitaki bila kuonana."

Mzee Mwiko akatutazama sisi. Akaitazama fremu. Akaenda akasimama mbele yake, pua karibu iguse lipu.

"Chombo chetu kimekamilika leo, mama. Kipo hapa ukutani, kizuri, chembamba ajabu. Ila kwa leo kinaonyesha upande mmoja. Wewe hunioni, lakini mimi nakuona."

"Unaniona?"

"Nakuona kabisa."

Huko upande wa pili pakawa na minong'ono, halafu sauti ya binti, ya mtu asiyedanganyika kirahisi: "Haya, kama unaniona, nikoje?"

Ukumbini hata Mheshimiwa alisogea asikie. Waya alikuwa amefumba macho. Mzee Mwiko aliitazama lipu ile muda mrefu kidogo, kama anatafuta ufa.

"Umefanana na mama yako siku yake," akasema. "Umekaa mkao wako ule wa upande. Na umekunja uso, kwa sababu hivyo viatu vinakubana na hutaki kumwambia mtu."

Kikaja kicheko kilichochanganyika na kilio.

"Baba! Nani kakwambia viatu vinanibana?"

"Si nakuona? Vivue. Mwambie bwana harusi apunguze jasho. Mimi baba yako nimekuona, nimeridhia kwa moyo mweupe. Fungeni ndoa, watu wasilale njiani."

Vigelegele vikatoka kwenye ile simu ndogo, vikapokewa na Mpishi mlango wa jikoni, vikapokewa na sisi tusiojua hata kupiga vigelegele.)

(Mheshimiwa, bila maiki, akapanda juu ya kiti.)

Mmesikia wenyewe, waheshimiwa! Shahidi huru, mbele ya umma, amethibitisha kwamba amemwona! Iingie kwenye taarifa kwamba divaisi inafanya kazi, upande mmoja kwa asilimia mia, na upande wa pili utakamilishwa katika mwaka ujao! Kishikwambi!

(Hakuna aliyeitikia. Watu walikuwa wameizunguka simu, wanamsalimia bi harusi mmoja mmoja, shikamoo na marahaba, kila mtu akijitambulisha kitanda chake.)

Nasema, kishikwambi! Ahsanteni kwa kunisiki

(Mpishi akamgusa bega kwa mwiko wa ugali. "Keti, baba. Watu wanaoa." Akaketi.)